Upepo Haushtakiwi

Munga wa Masha aliiuza nyumba yake ya Mikindani moyoni kabla hajaiuza kwenye karatasi. Tangu mwaka uanze alikuwa akipita sebuleni kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kukwaruza ukuta wa mwenyewe. Yeye na mkewe Josephine walikuwa wameishi humo miaka thelathini na mmoja. Watoto wao watatu walizaliwa humo, wakakua, wakatawanyika. Sasa magoti ya Josephine yalikuwa hayataki tena ngazi, na masikio ya Munga hayataki tena malori ya barabara kuu. Kaloleni walikuwa na shamba la minazi na nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyobakiza kupakwa rangi tu. Mbuzi sita walikwisha kununuliwa, wako kwa jirani wakimsubiri Josephine, naye alikuwa amewapa majina kabla hata hajawatia machoni.

Mnunuzi alikuwa Nyambura, muuguzi kutoka bara, aliyekuja pwani kwa kazi ya miezi sita akakaa miaka tisa. Benki ilikuwa imemkubalia mkopo, mkataba umetiwa sahihi, na arubuni iko kwa wakili. Kila Jumamosi alikuja na futi yake ya kupimia madirisha, akimwuliza Josephine kama mapazia meupe yatastahimili vumbi la Mikindani. Josephine alimwambia ukweli, kwamba hayatastahimili, kisha akamwandalia chai na mahamri. Mambo yakawa si kuuziana nyumba tena, yakawa kutembeleana.

Jumanne moja Munga alikuwa juu ya kiti akibadilisha taa ya ukumbini, simu ikalia mfukoni. Alikuwa Wakili Faith, aliyekuwa akiwashughulikia hayo mauzo. Wakili akamsalimu vizuri, akamwuliza kama amekaa. Munga akasema hakukaa, amesimama, tena amesimama juu ya kiti.

"Basi shuka kwanza, mzee wangu," akasema Wakili Faith. "Nitasubiri."

Munga alishuka. Habari aliyopewa akiwa chini ni hii: wakili wa benki alikwenda kupekua daftari la ardhi kabla ya kutoa pesa za Nyambura, na kwenye ukurasa wa nyumba ya Munga amekuta zuio la mahakama. Mtu aitwaye Swabra Juma alimshtaki miaka mingi iliyopita, akashinda, na alipokosa kulipwa akaomba nyumba izuiwe. Hati iliyokuwa kabatini mwa Munga haikuwa na doa lolote, maana doa lenyewe lilikuwa kwenye daftari la serikali. Mpaka deni hilo liishe, au mahakama iamuru zuio liondolewe, nyumba haiwezi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Benki ya Nyambura ilikuwa tayari kungoja wiki sita. Zikipita hizo, mkopo unafutwa.

Josephine alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Akauliza Swabra ni nani.

"Ni ile harusi ya Likoni," akasema Munga.

"Ile ya upepo?"

"Ile ya upepo."

Josephine akamtazama kidogo, akarudi jikoni.

Hiyo harusi ya upepo ilikuwa maarufu. Zamani Munga alikuwa akikodisha tenti na viti, na kwa muda mrefu hapakuwa na sherehe ya maana kuanzia Chaani hadi Likoni iliyofanyika bila tenti zake za mistari ya buluu. Siku ya harusi ya Swabra, watu mia tatu wamekaa, pilau imekwisha kupakuliwa, bibi harusi ndio kwanza anaingizwa, tenti kubwa ikashuka. Haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka polepole kama mtu mzima anayejikalisha, ikafunika sinia za pilau, ikafunika spika na mtu wa video, ikamfunika na mama wa bwana harusi aliyekuwa mbele kabisa. Hakuumia mtu, ila mpiga ngoma mmoja aliyechubuka paji la uso. Lakini chakula kilimwagika chote, vyombo vya muziki vilivunjika, na maharusi wakapigwa picha zao katikati ya wageni wenye mafuta ya pilau hadi kwenye nyusi.

Jioni ile ile Munga aliulizwa kulikoni, akajibu, "Upepo." Neno likakua lenyewe. Baada ya mwezi upepo ule ulikuwa umeng'oa mipapai. Baada ya mwaka ulikuwa umeinua mbuzi. Munga alikuwa na kipaji cha kusimulia, na watu wakawa wanamwomba awasimulie kwenye matanga na kwenye mikutano ya kanisa. Samansi ya mahakama ilipomfikia, aliitia kwenye mtoto wa meza, akawaambia vijana wake wa kazi, "Upepo haushtakiwi." Wakacheka sana. Siku ya kesi hakwenda. Hakimu akawasikiliza waliofika, akaandika hukumu. Karatasi nyingine ilikuja, nayo ikaingia mle mle, kisha kukawa kimya. Munga aliuza tenti zake, akastaafu, akaamini jambo lile limekauka. Kumbe deni la mahakama halikauki. Linajilaza tu, siku mwenye nyumba anapotaka kuuza ndipo linapoamka.

Na ukweli, ambao Munga hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba siku ile hapakuwa na upepo wa kutikisa hata kanga kambani. Nguzo ya kati ilikuwa na ufa tangu Pasaka. Alikuwa anajua. Alikuwa na harusi tatu wikendi ile na nguzo nzuri mbili, basi akaifunga ile mbovu kwa kamba, akazungushia kitambaa cha mapambo juu yake, akasema itashika mpaka jioni. Haikushika mpaka jioni.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Wakili Faith, mjini. Wakili alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Hukumu yenyewe ilikuwa ya shilingi laki moja na themanini na tano elfu, gharama za kesi elfu thelathini na mbili, na juu yake riba, ambayo sheria hairuhusu kudaiwa zaidi ya miaka sita. Ukijumlisha, laki tatu na nusu na ushei. Akamweleza njia zilizokuwapo. Kuna kulipa, na pesa zinaweza kutoka kwenye arubuni ile ile iliyokuwa ofisini, Nyambura akikubali. Kuna kungoja, kwa kuwa hukumu ikitimiza miaka kumi na miwili hukosa nguvu, na hii ilibakiza miezi kumi. Ila benki haingoji miezi kumi. Na kuna kupinga hukumu, iwapo Munga hakupata samansi.

"Ulipata, mzee?" akauliza.

Munga akasema hakumbuki vizuri, ila anadhani hakupata. Alilisema hilo akitazama feni.

Basi Wakili Faith akamwandikia hati ya kiapo, akamwambia arudi Ijumaa aisome na kuapa. Siku zile mbili Munga alitembea akiwa mwepesi. Alimwambia Josephine kwamba sheria iko upande wao. Josephine alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

Ijumaa Munga aliketi, akavaa miwani, akaisoma karatasi. Ilianza na jina lake kamili na kusema kwamba yeye ni Mkristo, mkazi wa Mikindani, na kwamba anaapa hakuna mtu aliyewahi kumletea samansi. Alipoufikia mstari huo, akamwona yule mletaji samansi kama yuko mbele yake: kijana mrefu, shati limemganda mgongoni kwa jua, ametembea kutoka barabarani. Munga alikuwa amemkaribisha, akamkatia dafu. Walizungumza habari za mpira. Kijana aliondoka akimshukuru.

Kusahau samansi kunawezekana. Lakini mtu uliyemkatia dafu kwa mkono wako humsahau vipi? Na yeye mzee wa kanisa, aliyekuwa akiwasimamia vijana wakila viapo vya ndoa.

Akaiweka kalamu mezani. Akamwambia wakili kwamba hawezi kuapa, kwa sababu samansi aliipata, na akamweleza na habari ya dafu. Wakili Faith hakumkemea. Aliichukua ile karatasi, akaipasua mara mbili, akaitia kwenye pipa.

"Afadhali hapa kuliko mbele ya hakimu," akasema. "Sasa tumtafute mwenyewe. Anayekudai si adui yako, mzee. Huenda akakubali kitu ambacho hukumu haikukiandika."

Namba ya Swabra ilikuwa kwenye jalada la kesi, na kwa bahati hakuwa ameibadilisha. Munga alipojitaja kwenye simu alitakiwa kulirudia jina. Kisha Swabra akasema kwa sauti ya upole kwamba yuko dukani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, aje atakapo.

Alikwenda Jumatatu, kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, akashukia Likoni bila kuhitaji kuvuka kwa feri. Duka la Swabra lilikuwa upande wa Mtongwe, duka la kushona sare za shule, cherehani nne na marobota ya kitambaa cha kijani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene wa wastani, utepe wa kupimia shingoni. Alimwamkia Munga shikamoo, akamvutia kiti, akaagiza soda. Munga alikuwa amekuja na maneno ya kupatana bei, ameyapanga njia nzima. Mapokezi yale yakamvuruga.

Akaanza hata hivyo. Akaeleza habari ya nyumba, na Nyambura, na wiki sita ambazo sasa zimebaki tano, na kwamba yuko tayari kulipa ila riba ni nzito kwa mtu aliyestaafu. Swabra alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema lile zuio hata alikuwa amelisahau. Ni ami yake, aliyejua mambo ya mahakama, ndiye aliyemhimiza aliandikishe, na ami sasa ni marehemu. Kisha akamweleza kwa nini alikwenda mahakamani.

Hakwenda kwa ajili ya pilau. Siku tenti iliposhuka, mama mkwe wake, Bi Mwanatabu, alitolewa chini ya turubai akiwa na mchele kichwani, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba bibi harusi ana mguu mbaya. Hajaingia nyumbani, na nyumba imeanguka. Watu walicheka, lakini Bi Mwanatabu hakuwa anatania. Mtoto wa kwanza alipougua surua, ni ule mguu. Pikipiki ya Hassan, mumewe, ilipoibwa, ni ule mguu. Hassan alikuwa akimtetea, lakini mama ni mama. Swabra akafikiri kwamba hakimu akiandika kwamba tenti ilikuwa mbovu, ataichukua ile karatasi aende amsomee mama mkwe wake.

"Sasa wewe hukuja," akasema. "Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa hakufika, basi akanihukumia pesa. Habari ya tenti hakuiandika kabisa. Nilirudi nyumbani na ushindi, ila nilichokifuata sikukipata."

Mashine ya nyuma ilikuwa ikishona, ikanyamaza. Swabra akaukunja utepe wake, akaukunjua.

"Mzee, nikuulize jambo moja. Ulikuwa upepo?"

Munga alikuwa na jibu la miaka kumi na miwili mdomoni. Lilikuja lenyewe, na mipapai yake na mbuzi wake, likafika kwenye meno. Akalimeza. Soda ilikuwa imepoteza ubaridi mkononi mwake.

"La, mwanangu," akasema. "Hapakuwa na upepo. Nguzo ilikuwa na ufa, nami nilijua."

Alidhani atatukanwa. Swabra alifumba macho tu, akayafumbua, akaanza kucheka taratibu, na machozi yanamtoka. Akasema yeye mwenyewe alifika mahali akaanza kuamini. Kuna siku hutembea nyumbani akitanguliza mguu wa kulia kila mlango, hata wa choo, akiogopa asilete jambo.

Kisha akasema kuhusu pesa. Alipe laki mbili na kumi na saba elfu, yaani hukumu na gharama, na riba anamsamehe. Ila jambo alilolisema hapo dukani aje alirudie Jumamosi baada ya alasiri, mbele ya Bi Mwanatabu. Si sharti, akasema. Pesa atazipokea na karatasi atatia sahihi hata asipokuja. Ni ombi.

Munga alirudi Mikindani akilipima lile ombi. Kulipa alikuwa tayari, na hata kumkabili hakimu angeliweza. Lakini kumkabili mama mzee wa Likoni aliyefukiwa na pilau ni jambo jingine. Tena kulikuwa na Josephine. Hakuweza kwenda kumwambia ukweli mke wa mtu Likoni, na wa kwake Mikindani hajui. Usiku huo wakila alimwambia yote, tangu ufa wa Pasaka mpaka kitambaa cha mapambo.

Josephine alimaliza tonge lake.

"Baba Chrispine," akasema, "hiyo kamba uliyofungia nguzo ilikuwa yangu ya kuanikia nguo. Wiki ile nilianika kwenye miiba ya ua. Ulidhani nitaitafuta nisiulize vijana wako?"

Munga akamwuliza, basi kwa nini miaka yote hiyo alinyamaza. Josephine akasema alikuwa akingoja siku atakayomwambia mwenyewe. Mwanzoni alikuwa na hasira, baadaye akazoea. Tena lazima aseme kweli, ile sehemu ya mbuzi kuinuliwa hewani ilikuwa ikimchekesha kila mara. Akasema Jumamosi watakwenda wote, na atavaa lile gauni la zambarau.

Jumamosi walifika nyumbani kwa kina Hassan wakiwa na kikapu cha maembe na nazi kumi kutoka Kaloleni. Nyumba ilikuwa ya zamani, safi, ua umefagiwa mpaka una mistari. Hassan, mtu mpole mwenye ndevu zilizoanza mvi, aliwapokea akawakalisha barazani. Bi Mwanatabu alikuwa kwenye kitanda cha kamba, leso mbili, tasbihi mkononi. Alikuwa mdogo kuliko Munga alivyomkumbuka, lakini macho yake yalikuwa makali vile vile. Munga akamwamkia shikamoo kwa kuinama.

"Marahaba," akaitikia. "Wewe ndiwe bwana wa tenti."

Akakiri kwamba ndiye.

"Haya. Mke wa mwanangu asema una neno nami. Lisemee karibu, sikio hili la kushoto halisikii vizuri tangu siku ile."

Hassan akasogeza kiti. Munga alimsimulia, na safari hii hakutia chumvi. Alieleza nguzo ilivyokuwa, ufa ulivyokuwa na urefu wa mkono, jinsi alivyoufunga na kuufunika ili usionekane. Alieleza kwamba aliposema upepo alikuwa akijiokoa, na kwamba samansi aliipata akakaa nyumbani. Akasema bibi harusi hakuwa amefanya kitu, alikuwa bado hata hajafika chini ya tenti. Akaomba radhi kwake, na kwa Swabra, na kwa Hassan. Swabra alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

Bi Mwanatabu alizungusha punje za tasbihi. Kuku wa jirani akapita uani, hakuna aliyemfukuza.

"Miaka yote hii," akasema hatimaye, "mimi namwita mwana wa watu mguu mbaya, nawe wajua."

"Sikujua kama unamwita hivyo, mama. Lakini ningelisema kweli siku ile, usingelimwita."

"Wallahi umenibebesha dhambi isiyo yangu." Akaiweka tasbihi mapajani. "Na yangu pia imo, maana ulimi ni wangu."

Akaanza kuinuka. Hassan akamwahi kumshika mkono, mama akamsukuma. Aliingia jikoni mwenyewe, kwa hatua fupi, wakawa wanasikia vyombo vikigongana. Josephine alimgusa Munga goti ili atulie. Baada ya kitambo bibi akatoka na sinia ya vikombe, chai ya tangawizi, imejaa mpaka inamwagikia kwenye visahani. Kwa desturi ya nyumba ile mkaza mwana, mke wa mtoto wa kiume, ndiye mpakuzi, na wageni ndio wa kwanza. Bi Mwanatabu aliwapita wageni, akampita mwanawe, akaenda mpaka mlangoni alipokuwa Swabra, akampa kikombe cha kwanza.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Kaa kitako unywe."

Swabra alikaa pale pale kizingitini. Alijaribu kunywa, ikamshinda, akakiweka kikombe chini akajifunika uso kwa mtandio. Hassan alitazama pembeni akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara.

Baada ya hapo Bi Mwanatabu alirudi kitandani kwake na kuwa kama mtu aliyetua mzigo. Alitaka kujua ufa ule ulikuwa wa mti gani, na kwa nini mtu mwenye akili afunge mti kwa kamba ya nguo. Josephine akaeleza ilikuwa kamba ya nani. Bibi alicheka mpaka leso ikamwanguka. Wakawa wawili hao wanaongea kama waliokua pamoja, na Munga akawa ndiye mada, akaendelea kunywa chai yake kwa unyenyekevu. Walipoaga, bibi alizihesabu nazi, akasema ni nazi nzuri, na kwamba Kaloleni si mbali.

Jumatatu Nyambura aliitwa kwa Wakili Faith. Alisikiliza mambo yote, akauliza mara mbili kama kweli ile pesa ikitoka kwenye arubuni yake na mambo yakiharibika atarudishiwa. Wakili akampa hati ya ahadi yenye sahihi na muhuri. Nyambura akasema, "Sawa, mzee, lakini mimi nataka hiyo nyumba, nishanunua mapazia," akatia sahihi. Swabra alilipwa laki mbili na kumi na saba elfu, naye akatia sahihi karatasi ya maridhiano kwamba hana dai tena. Karatasi ikapelekwa mahakamani, hakimu akaamuru zuio liondolewe.

Kulikuwa na siku za roho juu. Karani wa Wakili Faith alipeleka amri kwenye ofisi ya ardhi bila nakala ya pili, akarudishwa. Alipoirudisha, ilikuwa mkesha wa sikukuu, ofisi zimefungwa. Munga aliacha kulala vizuri. Josephine alilala. Zilipobaki siku nane wakili akapiga simu, na safari hii hakumwuliza Munga kama amekaa. Alikuwa na upekuzi mpya mkononi, umetoka asubuhi hiyo. Jina la Munga lilikuwa pale, namba ya kiwanja pale, na sehemu ya vizuio ilikuwa tupu.

Swabra alimpigia siku mbili baadaye, kwa jambo lisilohusu kesi. Pesa zile alinunulia cherehani mbili mpya, akasema, na Bi Mwanatabu sasa anawaambia wanawake wa mtaa kwamba duka la mkwewe lina baraka tangu asili. Munga akamwuliza kama bado anatanguliza mguu wa kulia mlangoni. Akasema wakati mwingine, mazoea yana taabu, ila sasa akijiona hucheka.

Siku ya kukabidhi funguo, lori la vyombo lilikuwa limekwisha kupakiwa, na Josephine yuko mbele karibu na dereva, kibeti mapajani. Nyambura alisimama ukumbini na shada la funguo, anatazama kuta kama mtu aliyepewa zawadi asiyoamini ni yake. Akauliza, kwa adabu tu, kama kuna lolote kuhusu nyumba anapaswa kulijua.

Munga akasafisha koo. Akasema bomba la bafuni hutoa maji ya kutu siku za Jumatano, hajui kwa nini. Akasema ukuta wa chumba cha watoto hutoka jasho masika, na rangi haishiki hapo, ameipaka mara nne. Bati la jikoni lina tundu dogo upande wa mwembe, ameliziba kwa lami lakini halina dhamana. Nyambura akatoa simu akaanza kuandika. Munga akaendelea: jogoo wa jirani huwika saa nane za usiku, soketi ya sebuleni ya kushoto isiguswe kwa mkono wenye maji, na mlango wa nyuma una hila, lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunge.

Honi ya lori ikalia. Josephine alikuwa amenyoosha mkono mbele ya dereva akaibonyeza mwenyewe.

"Baba Chrispine," akaita kutoka dirishani, "mwache mtoto wa watu. Njoo tuende kabla hajataka pesa zake."

"Bado ngazi," akasema Munga.

"Ngazi nimeziona," akasema Nyambura, akicheka, akamshika mkono mzee akamsindikiza hadi garini.